Filimbi ya bati imenitesa, kumbe mkosaji ni mimi

Miezi mitatu ya kwanza nilikua nailaumu filimbi tu. Kila nikishuka kwenye ile noti ya D ya chini kabisa, ya kuziba matundu yote sita, inalia kama mlango usiotiwa mafuta, nikasema hiki kibati feki, nikaagiza nyingine ya bei juu kidogo, nayo ikalia vilevile. Hapo ndo akili ikanirudi.

Fanya hivi: ziba matundu yote, bana kidogo, afu toa vidole uviangalie. Utaona duara limejichora kwenye nyama ya kidole. Mimi kidole cha pete cha mkono wa kulia kilikua na kipande tu kama mwezi mwandamo, yani upande mmoja upepo unatoroka. Nilikua naziba kwa ncha kama mtu anayechati, wakati inatakiwa ile sehemu laini yenye nyama, vidole vimelala karibu kunyooka. Ila kubana ni kwa kupima tu, ukizoea kubana vidole vitachoka na spidi hutaipata.

La pili ndo zito, pumzi. Nafanya mazoezi usiku, naogopa kuamsha watu, basi nikawa napuliza kidogooo. Sasa hii kitu haina pa kupunguzia sauti, oktava ya chini na ya juu (yani noti zilezile, nzito na nyembamba) vidole ni karibu vilevile, kinachokupandisha ni kasi ya pumzi yako, ukipuliza kwa woga noti A na B za juu zinatetemeka au zinaporomoka kabisa chini. Zile zinataka upulize kweli, majirani watasamehe. D ya chini ni kinyume, ukizidisha tu inaruka juu. (D ya katikati, ile inayoanza oktava ya juu, inua kidole cha kwanza, cha tundu la juu kabisa, inatulia sana, sijui kwa nini nilichelewa kujua.)

Zoezi lililonisaidia linaboa balaa: shika noti moja ya G sekunde kumi, simu iko mbele na programu ya kupimia noti, sindano isicheze. Anza na ulimi, "tu", sio "hu", maana "hu" noti inaingia kwa kujivuta. Wiki mbili hivi dada angu akauliza kama nimebadilisha filimbi.

Na ikianza kukwaruza katikati ya wimbo usipaniki, ni unyevu wa pumzi umegeuka matone kwenye kile kinjia chembamba cha mdomo wa filimbi. Funika kwa kidole lile dirisha, yani uwazi ulio karibu na mdomo wa filimbi, puliza kwa nguvu mara moja, umemaliza. Matone yanazidi bati likiwa la baridi, ndo maana siku hizi naiweka kwapani dakika mbili kabla sijaanza. Wananicheka, lakini naiweka.