Pedi ya PS4 imeshika kwenye kompyuta

Jioni hii pedi imekubali Windows 11, bila waya.

Siri iko kwenye taa. Shikilia Share na kitufe cha PS kwa pamoja, kama sekunde 3, mpaka imwekemweke harakaharaka, mara mbilimbili.
Ukibonyeza PS peke yake, pedi inaitafuta PS4 iliyoizoea.

Fungua mipangilio ya Bluetooth, ongeza kifaa, chagua "Wireless Controller".

Imeunganishwa lakini gemu iko kimya? Pedi si mbovu! Gemu nyingi za Windows zinaelewa pedi za Xbox tu. Kwenye Steam, programu ya kununua na kuchezea gemu, washa kipengele cha pedi za PlayStation. Nje ya hapo, programu ya DS4Windows huifanya pedi ionekane kama ya Xbox 360.

Kwa pedi ya PS5, shikilia Create na PS.

Nani bado anatumia waya?