Daftari la mama

Jua likianza kuzama nyuma ya mapaa ya Ngamiani, hapa Tanga, mama huanza kufunga furushi lake. Kanga mbili, kipande cha sabuni, msala, na mara nyingine rimoti ya televisheni. Kisha husimama mlangoni: "Nipelekeni kwetu Pangani, giza linaingia." Nyumba hii alijengewa na baba. Amekaa humu tangu mimi sijazaliwa.

Mwaka wa kwanza wa ugonjwa wake wa kusahau nilikuwa nabishana naye. Namwambia bibi alishafariki, nyumba ya Pangani ilishaanguka, hakuna anayemngoja. Analia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba sasa hivi, na kesho yake jioni tunaanza msiba upya. Siku hizi nasema: "Basi la Pangani limeshaondoka, mama. Tutapanda la asubuhi." Anaguna, anakaa. "Haya, nipe chai." Shangazi ananionya kwamba uongo huu nitaulizwa Akhera. Niulizwe.

Maneno hayo ya basi yamo kwenye daftari, ukurasa ulioandikwa juu yake "Magharibi". Ni kaunta buku ya kwaya mbili niliyoinunua kwa ajili ya madeni ya duka langu la vitambaa. Wadeni wamepata nafuu, kwa sababu limekuwa daftari la mama.

Lilianza kliniki. Daktari alikuwa ameshampima sukari, tezi ya shingo, vitamini B12 na VVU, maana yako maradhi yanayomfanya mtu aonekane amepotewa na kumbukumbu, kumbe yana tiba. Kwa mama hakukuonekana kitu. Ni presha ya miaka mingi na viharusi vidogo vidogo vilivyopita kichwani bila sisi kujua. Kilichopotea hakirudi, tukaambiwa, ila presha ikidhibitiwa huenda asiporomoke haraka. Nikawa nauliza habari za mama, nesi akanikatiza: "Na wewe, dada, unalala saa ngapi?" Nililia pale pale, foleni nzima inanitazama. Akasema, kaandikeni mpango wa kumtunza, na wewe uwemo ndani yake.

Nilidhani mpango ni ratiba ya vidonge. Hiyo iliisha kwa ukurasa mmoja. Kazi ilikuwa kumuuliza mama mwenyewe, asubuhi, wakati kichwa chake kikiwa bado chepesi. Nani amwogeshe? "Wanawake. Wanangu wa kiume wasinione." Azikwe wapi? Pangani, karibu na mamake. Bangili? Ya mjukuu wa kwanza wa kike (ile bangili aliyosema msichana wa kazi kaiiba, tukaikuta kwenye kopo la unga). Tulikwenda kwa wakili vile vile, akasaini hati ya uwakili angali anajua anachosaini. Ndugu yangu mmoja alinuna, akaona tunagawana mali ya mtu hai. Lakini mtu akishaondokewa na akili, saini yake haina nguvu, na hapo ndipo ndugu huanza kushikana mashati.

Shangazi alikuwa na lake: haya ni majini, au basi ni maradhi ya Wazungu. Nikamweleza kwamba watafiti waliwapima wazee wa wilaya ya Hai, huko Kilimanjaro, wakakuta kama 6 katika kila 100 waliovuka miaka 70 wana ugonjwa huu. "Wachaga," akajibu, kana kwamba limekwisha. Akaleta kombe, maji yaliyooshea aya za Kurani, mama akanywa, vidonge vya presha vikaendelea. Sikuona haja ya vita.

Swala ilinitia mashaka zaidi. Mama aliweza kuswali adhuhuri mara nne, kila mara kwa unyenyekevu ule ule. Sheikh wa mtaani aliniambia aliyeondokewa na akili kalamu imeinuliwa kwake: asizuiwe, asilazimishwe. Nimeandika hivyo hivyo.

Ukurasa wa mchele ndio ninaoupenda. Mama aliuza vitumbua miaka mingi, na mikono yake haijasahau. Ukimpa ungo wa mchele anachambua saa nzima, ametulia. Mchele wa siku hizi hauna mawe, kwa hiyo nachanganya choroko. Akimaliza kutenganisha, nikifika jikoni nachanganya tena.

Ukurasa mmoja nimeuandika kwa wino mwekundu. Mwezi wa Ramadhani alibadilika ghafla, siku mbili tu: haongei maneno yanayoeleweka, anapigana na ukuta. Sote tulisema ugonjwa umefika mwisho wake. Kumbe ni maambukizi ya njia ya mkojo, na dawa zilimrudisha alipokuwa. Ugonjwa wa kusahau kwa kawaida huenda polepole. Mabadiliko ya ghafla ni hospitali, siku hiyo hiyo.

Ukurasa wangu mimi niliuacha mtupu miezi mitatu. Kaka wa Maskati anatuma hela kila mwezi, Mungu ambariki. Wa Dar alikuwa anatuma "pole dada" kwenye kundi la WhatsApp. Lakini hela haiamki saa nane za usiku. Mwishowe niliandika zamu, tarehe na jina la kila mmoja, nikaipiga picha nikaituma. Kundi lilinyamaza siku mbili.

Wa Dar ndiye aliyekuja, siku tano. Mimi nikaenda Muheza kwa mama mdogo, nikalala mpaka saa tatu asubuhi. Siku ya tatu, magharibi, simu: "Dada, nimemwambia basi limeharibika. Anasema basi twende kwa miguu. Keshafika kona!" Nikamwambia, soma daftari.

Niliporudi nilikuta mwandiko wake chini ya wangu: "Usiseme limeharibika. Sema limeondoka. Na chai iwe tayari kabla hajaomba."