Vuk na anko Owiti

Mi majina ya makocha wa Kiserbia huwa nayafuatilia sana maana Bongo wameshakuja wengi, akina Papić, akina Micho ambaye kwa jina kamili ni Milutin, na ile "mil" ya mwanzo kwao ni kupendwa, kwa hiyo nikajua majina yao yote yanabembeleza hivo hivo. Mpaka nikakutana na Vuk. Vuk ni mbwa mwitu, basi! Na wasichana wana lao, Vukosava. Nikajiuliza jamani kichanga kabisa unakiitaje mbwa mwitu?

Jibu nililipata kwa Vuk Karadžić, yule aliyezaliwa 1787 kijijini Tršić, afu baadaye akaitengeneza upya alfabeti ya Kiserbia, kila sauti na herufi yake, unaandika unavotamka kama Kiswahili chetu tu. Wazazi wake walikuwa wanazika watoto, anazaliwa huyu anakufa, anazaliwa huyu anakufa, na kule waliamini ni wachawi wanawala. Sasa alivozaliwa yeye wakampa la mbwa mwitu, mchawi gani atathubutu kumla mbwa mwitu? Akapona, akaishi hadi 1864.

Hapo nikamkumbuka bibi. Sisi Wajaluo wa Rorya ila nimekulia hapa Mwanza, Kirumba, na bibi alikuwa na biashara ya dagaa pale mwaloni, jioni anakaa na ungo anachambua, mchanga huku dagaa huku, anatuhadithia habari za anko Owiti. Kabla yake alishazika watatu. Owiti alivozaliwa wakampeleka jalalani wakamlaza pale, mama mmoja jirani akapita akamuokota akamrudisha nyumbani kama mtoto wa kuokotwa tu, na ndo maana ya jina lenyewe, aliyetupwa. Kifo kikija kinakuta mtoto hana mwenyewe.

Yaani wenzetu wanamtisha mchawi, sisi tunamficha mtoto kwa kumfanya hana thamani. Mi naona ya kwetu inataka moyo zaidi, maana ukimuita mwanao mbwa mwitu umemsifia, ila kumlaza jalalani afu ukageuka ukaondoka, hata kama unajua jirani yuko pale pale anasubiri...

Bibi alisema hakuangalia nyuma, alikuwa anahesabu hatua tu, na alifika ya kumi na nne ndo akamsikia analia mikononi mwa yule mama.