Jiwe lililosogea: samaki jiwe na dawa iliyokuwa jikoni

Asubuhi ile maji ya bamvua yalikuwa yamekupwa hadi karibu na mwamba wa nje wa Jambiani, kusini-mashariki mwa Unguja, na mama mdogo alikuwa ametangulia mbele yangu akichokoa pweza. Alipofika kwenye dimbwi lililomfika vifundoni, aligusa jiwe kwa ncha ya mchokoo kabla ya kulikanyaga, kama afanyavyo kwa kila jiwe, na jiwe lile likasogea. Lilijivuta kiasi cha upana wa kiganja tu, likatulia, na mchanga ulipotua sikuliona tena ingawa nilikuwa nimelikodolea macho. "Simama hapo hapo, mwanangu," akaniambia, "huyo anatuona." Ilinichukua muda kumtambua: jicho dogo lililojificha kwenye kinundu, mdomo ulioelekea juu kama ufa wa jiwe, na ngozi isiyo na magamba iliyoota mwani halisi, wa kijani, unaopepea na maji.

Huyo ndiye samaki jiwe, ambaye wataalamu humwita Synanceia verrucosa, na hupatikana kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu hadi visiwa vya Pasifiki. Hufikia urefu wa sentimita 40. Hamfukuzi mtu wala hamfukuzi samaki. Hujizika mchangani kwa kutumia mapezi yake mapana ya ubavuni, akangoja hadi kidagaa kipite mbele ya mdomo, kisha akakivuta ndani kwa kasi ambayo jicho la binadamu haliwezi kuifuata. Maji yakimwacha mkavu bado huishi kwa saa nyingi, na ndiyo maana hata mwamba uliokauka si wa kuamini.

Jamaa zake ni wengi. Samaki simba tunayemwona kwenye mapango ya matumbawe, mwenye mistari myekundu na mapezi yaliyotanda kama manyoya, ana miiba 18 yenye sumu, naye hajifichi hata kidogo kwa sababu mavazi yake yenyewe ni onyo. Yuko mwingine, mdogo na mwembamba, anayeyumba kama jani lililokatika na kujivua ngozi ili kuondoa uchafu uliomwotea. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walieleza pia kwamba samaki jiwe na jamaa zake wa karibu wana mfupa mkali chini ya jicho, ambao huufyatua nje kama kisu cha kukunja na kuufunga hapo hapo. Binafsi nilisoma habari hiyo mara mbili, kwa maana nilidhani silaha za samaki huyu tulishazimaliza kuzihesabu.

Silaha inayotuhusu sisi tunaotembea mwambani ni miiba 13 ya pezi la mgongo. Kila mwiba umefunikwa na ngozi nene, na pembeni mwake zimekaa tezi mbili za sumu. Samaki mwenyewe hapigi. Ni uzito wa mguu wetu unaoisukuma ngozi ile chini, ukazikamua tezi, na sumu ikapanda kwenye vijifereji vya mwiba hadi ndani ya nyama. J.L.B. Smith, mtaalamu wa Afrika Kusini aliyempa samaki silakanti jina la kisayansi mwaka 1939, alichomwa mkononi na samaki huyu kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 1951 akayaandika yaliyompata. Baadaye aliandika pia kuhusu watu waliopoteza maisha.

Mama mdogo naye alichomwa kisiginoni, miaka mingi kabla ya asubuhi ile, akitoka kwenye shamba lake la mwani. Watu waliomzunguka walikuwa na mapenzi naye na walifanya walichokijua: walimfunga mguu kwa kipande cha kanga, wakamchanja kwa wembe, wakamwagia mafuta ya taa. Alilia hadi alfajiri, na kidonda kilichukua wiki kadhaa kupona. Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba birika la maji ya chai lilikuwa jikoni, hatua chache kutoka pale alipolazwa.

Sumu ya samaki huyu ni protini, na protini huharibika kwa joto, kama ute wa yai unavyoganda kwenye sufuria. Mguu uliochomwa hutumbukizwa kwenye maji ya moto ya nyuzi 45 hivi za selsiasi, yaani ya moto sana lakini yasiyobabua, kwa dakika 30 hadi 90, na mara nyingi maumivu hupungua wakati mgonjwa bado amekaa. Maji hayo lazima yapimwe kwa mkono wa mtu mzima wa afya au kwa mguu usioumia, kwa sababu mguu wenye sumu haujui tena kiwango cha joto na unaweza kuungua bila mwenyewe kushtuka. Usifunge kamba, usichanje. Kisha mgonjwa apelekwe hospitali hata kama amepata nafuu, kwa kuwa kipande cha mwiba huweza kubaki ndani, pepopunda ni jambo la kukinga, na wapo ambao moyo au pumzi huathirika. Dawa maalumu ya kupambana na sumu hii hutengenezwa Australia, lakini katika vituo vya afya vya vijijini nilivyowahi kufika sijaiona.

Mama mdogo bado anakwenda mwambani kila bamvua. Siku hizi huvaa viatu vya soli ngumu, ingawa anasema mwiba wa samaki jiwe hupenya soli nyembamba, kwa hiyo mchokoo bado hutangulia mguu. Na ufukweni, chini ya mkadi anapoacha kikapu chake, huweka chupa ya chai ambayo haina chai ndani yake, na ambayo wajukuu wote wamekatazwa kuimimina.