Malkia Margaret wa Uskoti: maskini wale kwanza

Somo la kusindikiza: Methali 31:10-31

Tarehe 16 Novemba Kanisa linamkumbuka Margaret, aliyekufa siku hiyo mwaka 1093. Alizaliwa uhamishoni Hungary, akaolewa Dunfermline, Uskoti, na Mfalme Malcolm wa Tatu, wakajaliwa wana sita na mabinti wawili. Mtawa Turgot, aliyemfahamu kwa karibu, ndiye aliyeandika maisha ya Margaret kwa ombi la Matilda, binti wa malkia huyo.

Tuangalie ratiba yake ya Kwaresima na ya siku arobaini kabla ya Noeli. Usiku, baada ya sala, yeye na mfalme waliwaosha miguu maskini sita. Asubuhi waliletwa yatima wadogo tisa. Aliwapakata na kuwalisha chakula laini kwa kijiko anachotumia mwenyewe. Kisha maskini 300 waliketishwa ukumbini, milango ikafungwa, mfalme akahudumia upande mmoja na malkia upande wa pili. Kabla hajaonja chakula chake, aliwahudumia wengine 24.

Milango ilifungwa ili wasionekane na watu, na wengi wetu leo tungekwama hapo hapo. Malcolm naye alishiriki kwa hiari. Hakujua kusoma, lakini alivibusu vitabu alivyovipenda mkewe. Mkewe alipochota sarafu zake kuwapa maskini, alijifanya haoni, kisha akamshika mkono umejaa na kumtania kuwa ni mwizi.

Kuhusu mfungo, Waskoti walianza Kwaresima Jumatatu baada ya Jumatano ya Majivu, wakidai wiki sita zinatosha. Margaret aliwapigia hesabu barazani: wiki sita ni siku 42, toa Jumapili sita ambazo hazifungwi, zinabaki 36. Siku nne zinazokosekana kufikia 40 ndizo zinazoanzia Jumatano. Walikubali.

Hata hivyo, tusimwige katika kila jambo. Alijinyima chakula kupita kiasi, na Turgot anasema wazi kwamba hilo lilimletea maumivu makali ya tumbo maisha yake yote. Mwenye vidonda vya tumbo, mjamzito au anayenyonyesha asijipime kwake.

Malezi yake yalikuwa makali: alimwagiza mlezi awachape watoto wakikosa, na yeye mwenyewe aliwafundisha imani. Wanawe Edgar, Alexander na David walitawala kwa kupokezana, David hadi 1153. Mwana mwingine, Edward, alikufa pamoja na baba yake vitani Alnwick, Uingereza, siku tatu kabla ya mama yao. Lakini Edmund, aliyelelewa katika nyumba hiyohiyo, alijiunga na baba yake mdogo Donald kumpinga Mfalme Duncan, ndugu yake wa baba mmoja, na Duncan akauawa mwaka 1094. Baadaye Edmund aliingia utawani Montacute, Uingereza. Wazazi wenye mtoto aliyepotea njia wamtaje kwa jina katika nia za Misa ya tarehe 16.