C. difficile: kabla hujalinganisha mkoa na mkoa, uliza walihesabu nini

Ukiona jedwali linalosema hospitali za mkoa fulani zina wagonjwa wengi wa C. difficile kuliko za mkoa jirani, usikimbilie kulaumu usafi. Uliza kwanza walipima kinyesi cha nani, kwa kipimo gani, na hesabu yao waliigawanya kwa kitu gani.

Bakteria huyu wa utumbo hupata nafasi pale antibiotiki zinapofyeka wenzake. Sumu yake hujeruhi utumbo mpana, na mtu aliyelazwa kwa nimonia au mfupa uliovunjika anaanza kuharisha humo humo wodini.

Uingereza ilianza kulazimisha hospitali kuripoti Januari 2004, kwa wagonjwa wa miaka 65 na zaidi, kisha Aprili 2007 kwa kila mwenye miaka 2 na kuendelea. Mwaka wa 2007/08 waliripotiwa wagonjwa zaidi ya 55,000. Kufikia 2013/14 walikuwa takriban 13,000. Nyuma ya wimbi lile kulikuwa na aina iitwayo 027, iliyokwisha kuitesa Quebec nchini Kanada. Wachunguzi waliposoma jenomu zake, yaani vinasaba vyake vyote, walikuta koo mbili, kila moja ikiwa imepata kivyake usugu dhidi ya fluorokwinoloni, kundi la antibiotiki lenye ciprofloxacin. Zote zilianzia Amerika Kaskazini. Moja ilifika Uswisi na Korea Kusini; nyingine ilisambaa Ulaya, ikiwemo Uingereza, hadi Australia.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Wagonjwa walipopungua Uingereza, waliotoweka hasa ni wale wenye bakteria sugu kwa fluorokwinoloni, baada ya madaktari kubana matumizi ya dawa hizo. Kama kazi yote ingefanywa na sabuni na deki, aina zisizo sugu nazo zingeshuka vivyo hivyo. Kwa hiyo mfumo wa ufuatiliaji usiorekodi antibiotiki zilizotolewa naona ni nusu mfumo.

Tuje kwenye hesabu. Hospitali yenye vitanda 400 vinavyojaa siku zote 30 za mwezi ina siku za kulazwa 12,000. Ikipata wagonjwa 6, hiyo ni 50 kwa kila siku 100,000. Jirani yenye vitanda 800 ikipata wagonjwa 9, ni 37.5. Ya pili ina wagonjwa wengi zaidi, lakini ya kwanza ndiyo yenye tatizo kubwa.

Ila hesabu hiyo haina maana kama maabara hazifanani. PCR, kipimo cha vinasaba, huona jeni la kutengeneza sumu, haioni sumu yenyewe, kwa hiyo ikitumika peke yake inamhesabu hata aliyebeba bakteria bila kuugua. Utaratibu wa Uingereza ni hatua mbili: kwanza GDH (kipimo cha kimeng'enya cha bakteria huyu) au PCR, kisha kipimo cha sumu. Pima kinyesi kinacholegea tu, kile kinachochukua umbo la kikopo. Kabla ya kupima, angalia chati kama mgonjwa alipewa dawa ya kulainisha choo, kama lactulose au bisacodyl, ndani ya saa 48. Watoto wachanga wengi hubeba bakteria huyu bila madhara, na ndiyo sababu hesabu inaanzia miaka 2. Sumu nayo huharibika haraka: sampuli iliyosahauliwa dirishani saa mbili inaweza kuleta jibu hasi la uongo. Iweke kwenye friji, nyuzi 2 hadi 8.

Kwa usafi wenyewe, spora, yaani bakteria aliyejifunga katika ganda gumu, hazifi kwa kitakasa mikono cha spiriti. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Safisha uchafu kwanza, kisha pitisha klorini ya 0.1%. Ukiwa na dawa ya klorini ya 3.5%, changanya sehemu 1 na maji sehemu 34, yaani mililita 290 hivi kwa ndoo ya lita 10. Ichanganye upya kila siku, kwa sababu nguvu hupotea, na uchafu huila klorini kabla haijafika kwenye spora.

Kuna pia wagonjwa wanaopotea katikati. Mtu aliyeruhusiwa Jumatatu akaanza kuharisha nyumbani wiki ya pili, kwa kanuni ya Uingereza bado anahusishwa na huduma ya hospitali, kwa kuwa alilazwa ndani ya wiki nne zilizopita. Akipimwa katika mkoa mwingine, fomu ya maabara isipokuwa na tarehe aliyoruhusiwa, ataandikwa kana kwamba ameambukizwa mtaani.