Nilivyobadilisha mbao za tela la mwani bila kuukata mdomo wa chuma

Hapa kwetu Micheweni, Pemba, ukiwa na kitu kibovu hukosi washauri. Tela letu lilipoanza kuoza, kila aliyepita barazani alikuwa na lake: mmoja weka plaiwudi, mwengine piga bati la chuma, wa tatu uza. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama chini yake.

Ni tela la pawatila (trekta dogo la magurudumu mawili), sakafu yake futi saba kwa nne, na kazi yake ni kubeba mwani kutoka pwani hadi tunakoanikia. Tela la mchanga likinyeshewa hukauka, yakaisha. Letu linachuruzikiwa maji ya chumvi kila bamvua (siku za maji kujaa na kupwa sana), njia nzima, na hilo ndilo washauri wangu hawakulitia hesabuni.

Plaiwudi niliijaribu, nisije nikaitwa mbishi. Jirani alinihakikishia kuwa ukiipaka rangi vizuri maji hayapiti. Nikaipaka juu, chini na pembeni. Ilipendeza, hata waliosema uza wakaisifu. Masika hayajesha ikaanza kuvimba kwenye matundu ya bolti, kisha kingoni, mwisho tabaka zikaachana kama chapati iliyosukumwa na fundi. Kaka yangu, ambaye kiti chake kiko pale pale mbele ya tela, akazamisha mguu hadi gotini na injini inakwenda. Hakuumia, ila maneno aliyoyatoa siku ile siwezi kuyaandika. Jirani alipoulizwa akasema tulinunua plaiwudi mbovu.

Bati la chuma sikulijaribu. Chuma na chumvi tunajua vinavyoishia. Kuna na wale wa oili chafu: mwaga oili ya injini kwenye mbao, mchwa hasogei. Kweli hasogei. Lakini yakhe, mwani huo unakwenda kutengenezewa vitu vya kuliwa, hadi aiskrimu na dawa ya meno! Magunia yakinuka oili, mnunuzi atanielewa?

Nikamfuata ami yangu, aliyekuwa fundi wa vyombo mpaka macho yalipomchoka. Akaniuliza kwanza, "Mwanangu, mnao mfenesi?" Tunao. Mfenesi wetu ulikuwa umeshazeeka, hauzai. Kibali cha kukata tukakichukua (usikate bila kibali ukafikiri mbao zitapita barabarani hazikuonekana), wapasuaji wakaja, tukatoa mbao za inchi sita, unene inchi moja na nusu. Kusi lote zilikaa bandani, zimepangwa na fito katikati ili upepo upite. Ami alinikataza kuzianika juani, ati zitapinda na kupasuka ncha.

Kilichonitesa ni bolti za zamani. Ni zile za kichwa cha mviringo, chini ya kichwa zina shingo ya pembe nne. Shingo ile huung'ata ubao ili bolti isizunguke unapokaza. Sasa ubao ukishaoza utang'atwa nini? Unazungusha nati chini, na bolti nayo inazunguka juu, mtaishi hivyo mpaka magharibi. Nikamwita kijana mwenye grenda. Akakata vichwa viwili, umeme ukaondoka. Akasubiri, akanywa chai, akala na muhogo, akaomba nauli akaenda zake.

Ami akacheka. Akaniambia nichonge kabari ya mti mgumu, niigongomee chini ya kichwa cha bolti, kisha nitie ncha ya mtaimbo niikandamize hadi kichwa kivutike juu kwa nguvu. Bolti iliyovutika hivyo haizunguki. Mimi nikaning'inia kwenye mtaimbo, mwanangu akalala chini ya tela na spana namba 17, nati zikaanza kulia moja moja. Tulikuwa tumezimwagia mafuta ya taa tangu jioni yake. Zilizokaidi kabisa tulizipasua kwa tindo: unaielekeza kwenye ubapa wa nati, sambamba na bolti, si kukingama nayo, unagonga. Nati ikipasuka upande mmoja tu inaachia. Wallahi nilijisikia fundi.

Fremu tukaipiga brashi ya waya na redi oksaidi, rangi ya kuzuia kutu.

Halafu ukaja mdomo. Mbele na nyuma ya tela kuna chuma cha engo kilichopinda juu ya ncha za mbao, kinazifunika kiasi cha inchi mbili kila upande. Ubao wa urefu kamili hauingii: ukiutia mbele, nyuma unagota. Mchomeleaji aliniambia hakuna njia ila kuukata mdomo wa nyuma na kuuchomea tena, akanitajia bei ambayo ningenunulia gurudumu. Nikamwambia asante kaka, nitarudi. Sikurudi.

Siri ni hii, na ami aliitoa hata hajainuka kitini. Kila ubao uukate uwe mfupi kwa inchi mbili kuliko nafasi ya ndani, chini ya midomo yote miwili, yaani kwa upana wa mdomo mmoja. Ncha ya mbele uichonge kwa randa upande wa chini, mshazari, ili ubao uweze kuingia umeinuka nyuma. Usukume mbele mpaka ugote. Sasa ncha ya nyuma inaukwepa mdomo, inashuka yenyewe. Ikishalala unauvuta nyuma inchi moja, na kila ncha inabaki imefunikwa inchi moja. Ubao wa kwanza uliposhuka "tap" nilipiga kigelegele, mwanangu akaona haya kwa sababu ya majirani.

Kabla ya kuzitia, ncha zote nilizipaka rangi ya mafuta mara mbili, maana maji huingia kwa ncha kuliko kwa uso. Kati ya ubao na ubao acha upenyo wa unene wa msumari, maji yashuke. Kuna aliyenipigia hesabu: inchi sita mara nane ni arubaini na nane, futi nne kamili, mbao nane. Na penyo saba utaziweka wapi? Ubao wa mwisho lazima upasuliwe, na wetu ulibaki inchi tano na kidogo. Upime pale pale baada ya saba kulala, wala usiamini karatasi.

Bolti mpya usichukue zile zinazong'aa, ni mapambo, chumvi inazimaliza mara moja. Tafuta zilizochovywa zinki, za kijivu kilichofifia, milimita 10. Mimi nilizipata mjini Chake Chake baada ya kuzunguka sana. Nati zake zinunue hapo hapo pamoja nazo, maana uzi wake umepanuliwa kidogo kupisha ile zinki, na nati ya kawaida haitaingia. Kila tundu nililitia grisi kabla ya kupitisha bolti.

Gharama sikuandika. Mti wa kwetu. Wapasuaji, bolti na rangi ilikuwa laki moja na ushei. Plaiwudi peke yake ilishakula zaidi ya nusu ya hiyo.

Mfenesi ukiendelea kukauka mbao hupungua, kwa hiyo nati zinataka kukazwa tena baada ya bamvua chache. Spana namba 17 inakaa chini ya kiti cha kaka. Jirani wa plaiwudi ameshakuja kuiazima.